Kwa Nini Mkasi wa Stenlesi Hushika Kutu: Metali, Moto na Klorini katika Vituo vya Afya

Barabara kuu itokayo Kahama na Lusahunga kuelekea mpaka wa Rusumo hupita Benaco, mji mdogo wa malori na maduka katika wilaya ya Ngara, mkoani Kagera. Jina lenyewe liliachwa na kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara. Dunia ililifahamu jina hilo mwishoni mwa Aprili 1994, pale Wanyarwanda wapatao 250,000 walipovuka daraja la Rusumo kwa muda wa takriban saa 24 na kupiga kambi katika vilima hivyo. Katika msongamano wa namna ile kuhara damu hakukawii kuzuka, na kulizuka kweli. Kinga ya kwanza ilikuwa maji yaliyotiwa klorini. Kambi zilifungwa mwishoni mwa 1996, lakini ndoo ya klorini haijaondoka katika vituo vya afya vya Ngara na Biharamulo, wala katika vituo vingine vya nchi hii. Ipo mlangoni, ipo chumba cha kujifungulia, ipo chumba cha upasuaji mdogo.

Klorini hiyo hiyo iliyookoa maisha ya watu ndiyo inayokula mikasi. Mhudumu huzamisha vifaa baada ya kazi, anaitwa kwa mgonjwa mwingine, na anaporudi baada ya saa mbili anakuta koleo la kubana mishipa lina madoa ya rangi ya chai penye kiungo chake. Baada ya miezi michache madoa yamekuwa vishimo, na meno ya koleo hayakutani tena sawasawa. Lawama hutupiwa muuzaji: ameleta chuma bandia. Mara nyingine ni kweli. Lakini mara nyingi chuma kilikuwa halisi, na kilichokosekana ni ufahamu wa namna kilivyotengenezwa na mipaka kilichopewa.

Chuma cha pua cha kawaida ni chuma chenye kaboni kidogo. Kikikutana na maji na hewa hufanya kutu, na kutu hiyo haishikamani. Hubanduka kama gome la mti mkavu na kufungua njia kwa kutu nyingine chini yake. Chuma kisichoshika kutu, ambacho masokoni huitwa stenlesi, ni chuma kilichochanganywa na kromiamu isiyopungua asilimia 10.5 hivi. Kromiamu hupenda oksijeni kuliko chuma inavyoipenda. Uso wa chuma ukiguswa na hewa, kromiamu huwahi kuungana na oksijeni na kutandaza utando mwembamba usioonekana kwa macho, wenye unene wa nanomita chache tu. Unywele wa mwanadamu ni mnene kuliko utando huo kwa zaidi ya mara 20,000. Utando huu haubanduki. Ukikwaruzwa, hujirudishia wenyewe papo hapo, mradi kuna oksijeni na mradi uso ni safi. Kwa hiyo stenlesi haikingwi na rangi wala na mafuta. Hukingwa na ngozi yake, na ngozi hiyo, kama ngozi ya mtu, hupona ikiachwa ipone.

Ugunduzi wake hauna mwenyewe mmoja. Nchini Ujerumani, kampuni ya Krupp iliomba hataza mwaka 1912 kwa chuma chenye kromiamu na nikeli, kazi ya Benno Strauss na Eduard Maurer. Mwaka uliofuata Harry Brearley, mjini Sheffield, Uingereza, aliyeyusha chuma chenye kromiamu karibu asilimia 12.8 akitafuta mtutu wa bunduki usiolika upesi, akaona sampuli zake zinakataa kuumwa na tindikali. Kutoka kwa ndugu hawa wawili zimetoka koo mbili ambazo kila kabati la vifaa vya tiba huzihifadhi pamoja bila kuzitambua.

Ukoo wa Sheffield ndio wa makali. Mkasi wa upasuaji, koleo la kushikia sindano, patasi ya mfupa na koleo nyingi za kubana mishipa hutengenezwa kwa chuma chenye kromiamu asilimia 12 hadi 14 na kaboni ya kutosha, mara nyingi karibu asilimia 0.3. Kaboni ndiyo inayoruhusu chuma hicho kukazwa kwa moto hadi kikashika makali. Lakini kaboni ina tabia ya kuivuta kromiamu na kufanya nayo chembe ngumu ziitwazo kabaidi. Kila kiasi cha kromiamu kinachofungwa ndani ya kabaidi kimeondolewa katika ulinzi wa uso. Hapa pana biashara isiyokwepeka: ukitaka makali, utatoa sehemu ya kinga dhidi ya kutu. Mkasi mzuri wa upasuaji, hata ukitoka katika kiwanda bora kabisa duniani, ni stenlesi dhaifu kuliko kijiko cha supu. Mhudumu akilijua jambo hili moja tu, atakuwa amepata nusu ya maarifa ya kutunza kabati lake.

Ukoo wa pili ni wa nikeli. Chuma cha aina ya 304, chenye kromiamu karibu asilimia 18 na nikeli karibu asilimia 8, ndicho kinachotengeneza bakuli, sinia, masinki na meza za chumba cha upasuaji. Nikeli hubadili mpangilio wa atomi ndani ya chuma. Chuma cha kawaida kikiwa moto sana hupanga atomi zake kwa namna moja, na kikipoa hurudia namna nyingine. Nikeli hukizuia kurudi, hivyo mpangilio wa motoni hubaki hata chuma kikiwa baridi. Chuma cha namna hiyo hunyumbulika, hakivunjiki ghafla, hakikazwi kwa moto, na hakivutwi na sumaku.

Neno hilo la sumaku linastahili kusemwa taratibu, kwa kuwa wanunuzi wengi hupima stenlesi kwa sumaku. Kipimo hicho kinafaa sufuria na bakuli kwa kiasi fulani. Kwa mikasi na koleo kinapotosha kabisa, kwani chuma chenye makali, kiwe bora namna gani, huvutwa na sumaku. Anayekataa mkasi kwa sababu umenaswa na sumaku amekataa mkasi halali. Na anayeukubali mkasi usionaswa pengine amenunua mkasi usioweza kukaa na makali hata wiki moja.

Nikeli si kitu cha mbali kwa watu wa Ngara. Katika wilaya hiyo hiyo, karibu na mpaka wa Burundi, lipo shapo la Kabanga, mojawapo ya mashapo makubwa ya nikeli duniani ambayo bado hayajachimbwa. Lilitambuliwa katika utafiti wa miaka ya 1970, na Januari 2021 Serikali ya Tanzania ilitia saini makubaliano yaliyozaa kampuni ya Tembo Nickel, ambamo Serikali ina hisa asilimia 16. Siku hizi nikeli ikitajwa, watu huwaza betri za magari. Hata hivyo sehemu kubwa ya nikeli inayotumika duniani, takriban theluthi mbili, bado huishia katika tanuri za stenlesi.

Kuna metali ya tatu ambayo jina lake halitajwi sana lakini mgonjwa mwenye bamba mguuni anaishi nayo: molibdenamu. Kazi yake ni kuukinga utando wa kromiamu dhidi ya kloraidi, yaani ile sehemu ya klorini iliyomo katika chumvi. Mwili wa binadamu ni wa chumvichumvi. Maji yaliyomo mwilini yana chumvi karibu robo ya ile ya bahari, yana joto la nyuzi 37, na hayapumziki. Madaktari waliojaribu kuunga mifupa kwa mabamba ya chuma mwishoni mwa karne ya 19, akiwamo William Arbuthnot Lane wa London, waliona mabamba yao yakilika mwilini. Chuma chenye kromiamu na nikeli kilipoingia katika upasuaji miaka ya 1920 mambo yalitengemaa, na molibdenamu ilipoongezwa yalitengemaa zaidi. Chuma cha vipandikizi kinachotumika leo, cha jamii ya 316L, hufuata kiwango cha kimataifa cha ISO 5832-1: kromiamu asilimia 17 hadi 19, nikeli 13 hadi 15, molibdenamu 2.25 hadi 3, kaboni isiyozidi 0.030 na salfa isiyozidi 0.010.

Kiwango hicho kina hesabu ndogo inayofaa kujulikana. Asilimia ya molibdenamu huzidishwa kwa 3.3, kisha hujumlishwa na asilimia ya kromiamu. Jibu lisipungue 26. Chuma chenye kromiamu 17.5 na molibdenamu 2.8 hupata 26.7, kimepita. Chuma cha bakuli, chenye kromiamu 18 bila molibdenamu, hupata 18 tu. Ndiyo maana fundi hodari hawezi kukata bamba la mfupa kutoka katika bati la sinki, hata kama macho yanaona vyote viwili vinang'aa sawa.

Salfa nayo ina kisa chake. Katika viwanda vya kukereza skrubu na nati, salfa huongezwa kwa makusudi kwa sababu hufanya chuma kikatike kwa urahisi. Ndani ya chuma huungana na manganizi na kuwa vijipande laini. Kila kijipande kilichotokeza juu ya uso ni mlango, kwani utando wa kromiamu haukamatani vizuri hapo, na kloraidi huanza kuchimba. Skrubu ya kufungia mlango inaweza kuvumilia dosari hiyo. Skrubu ya mfupa haiwezi, na hivyo chuma cha vipandikizi huyeyushwa upya ndani ya tanuri lisilo na hewa ili vijipande hivyo vipungue.

Mpaka hapa ni habari ya viungo. Lakini mpishi huulizwa pia habari ya moto, na kwa upande wa moto, Kagera ina historia ndefu kuliko Sheffield. Huko Katuruka, karibu na Bukoba, wanaakiolojia walifukua mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma za zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Miaka ya 1970 wazee wa Kihaya waliojua kazi hiyo walijenga tanuri upya na kuyeyusha mbele ya watafiti Peter Schmidt na Donald Avery, ambao mwaka 1978 waliandika katika jarida la Science kwamba mirija ya udongo ilipenyezwa ndani kabisa ya tanuri, hewa ya mivukuto ikawa inapashwa moto kabla ya kufika kwenye makaa, na chuma kilichopatikana kilikuwa na kaboni ya kukifanya chuma cha pua. Kusini zaidi, pande za Biharamulo na Geita, Warongo walijulikana kwa kazi hiyo hiyo. Wahunzi hao hawakuwa na kromiamu. Walikuwa na jambo la pili ambalo stenlesi nayo hulihitaji, nalo ni kujua kwamba bonge la chuma likitoka tanurini halijawa chuma mpaka lifuliwe likiwa moto.

Chuma kilichomiminwa katika kalibu kikapoa huwa na punje kubwa zisizolingana. Katikati yake huwa na vinyweleo, na viungo vyake havikuenea sawa: hapa kromiamu nyingi, pale kidogo. Kikipashwa moto hadi nyuzi 1,200 hivi na kufuliwa kwa nyundo au kupitishwa kati ya rola nzito, punje hizo huvunjwa. Kwa kuwa bado pana moto mkali, punje mpya ndogo huzaliwa mahali pa zile zilizovunjwa, vinyweleo hubanwa vikafungika, na kromiamu husambaa. Punje ndogo ndizo zinazokipa chuma nguvu na ustahimilivu kwa pamoja. Koleo lililofuliwa hustahimili kubanwa na kuachiwa mara maelfu; koleo lililomiminwa tu huvunjika kiungoni, na kwa kawaida huvunjika likiwa ndani ya jeraha.

Stenlesi ni ngumu kufua kuliko chuma cha kawaida. Hata ikiwa nyekundu ya moto, ile yenye nikeli hukataa kulainika upesi, kwa hiyo huhitaji mashine zenye nguvu zaidi, na joto lake halitakiwi kushuka chini ya nyuzi 925 hivi kazi ikiwa inaendelea. Salfa isiyofungwa na manganizi huyeyuka mapema kwenye mipaka ya punje, na chuma hupasuka chini ya nyundo kama muhogo mkavu. Ile yenye makali ina ukaidi wa namna nyingine. Ikiachwa ipoe hewani baada ya kufuliwa hujikaza yenyewe na inaweza kupasuka, ndiyo maana hupozwa polepole ndani ya tanuri au kufukiwa katika majivu. Baadaye hupashwa tena hadi nyuzi 1,000 au zaidi kidogo ili kaboni na kromiamu ziyeyukie ndani ya chuma, kisha hupozwa ghafla, ikawa ngumu na yenye kukatika kama kioo. Mwisho hupashwa kwa joto dogo, aghalabu chini ya nyuzi 350, ili ule ukavu upungue na makali yabaki.

Kati ya joto la kufulia na joto la chumba pana eneo la hatari, takriban nyuzi 425 hadi 850. Hapo ndipo kaboni hupata nafasi ya kutembea ndani ya chuma na kuikamata kromiamu kwenye mipaka ya punje. Kabaidi hujipanga mipakani, na kando kando yake hubaki ukanda mwembamba uliopungukiwa kromiamu. Ukiangalia kwa macho huoni kitu, lakini chuma kimekuwa kama ukuta wa matofali mazuri uliojengwa kwa udongo usio na saruji. Kloraidi hupita kwenye maungio na matofali huanguka yakiwa mazima. Viwanda hujikinga kwa njia tatu: kupoza chuma haraka kwa maji baada ya kukipasha hadi nyuzi 1,050 hivi, kupunguza kaboni hadi chini ya asilimia 0.03 (ndiyo maana ya herufi L katika 316L), au kuongeza titani au niobiamu, ambazo huikamata kaboni kabla haijaifikia kromiamu.

Ushahidi wa jambo hili unaonekana bila darubini katika vituo vingi. Sinki, kitoroli au kitanda cha kujifungulia kikivunjika na kupelekwa kwa fundi wa kuchomelea pale barabarani, hurudi kikiwa kimeungwa vizuri. Baada ya muda kutu huanza, wala si juu ya mshono. Huwa pembeni yake, katika mistari miwili sambamba iliyo umbali mdogo kutoka kwenye mshono. Hapo ndipo joto lilipokaa katika eneo la hatari. Fundi hakukosea kuunga, chuma chenyewe ndicho kilichokuwa na kaboni nyingi mno kwa kazi ya kuchomelewa.

Kosa kama hilo hufanyika pia ndani ya kituo, na aghalabu hufanywa kwa nia njema. Umeme umekatika, otoklevu haifanyi kazi, mama anasubiri kushonwa. Mkasi unamiminiwa spiriti na kuwashwa, au unashikwa juu ya jiko la mkaa mpaka ncha iwe nyekundu. Vijidudu vinaweza kufa, lakini mkasi nao umekufa. Kazi yote ya kiwandani ya kuukaza ilisimama juu ya kutokuvuka nyuzi mia tatu na ushei. Mkaa unaochochewa huvuka hapo kwa urahisi. Makali hulainika, na kromiamu inafungwa katika kabaidi, hivyo mkasi huo utakuwa butu na wenye kutu kwa pamoja. Rangi hueleza: stenlesi iliyogeuka manjano hafifu imepita nyuzi 290 hivi, na iliyogeuka bluu imepita 500. Mkasi wenye ncha ya bluu haurudishwi kwa kunolewa. Otoklevu ya nyuzi 121 au 134 haimdhuru chuma huyu, wala tanuri la joto kavu la nyuzi 160 hadi 170. Hizo zote ziko chini sana ya joto lililoukaza, na zinatakasa kwa uhakika, jambo ambalo moto wa spiriti haulifanyi.

Turudi kwenye ndoo. Kwa miaka mingi wahudumu wamefundishwa kuzamisha vifaa vilivyotumika katika klorini ya asilimia 0.5 kwa dakika 10 kabla ya kuviosha, ili kumkinga anayeosha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 kuhusu usafishaji na utakasaji wa vifaa tiba haushauri tena kuzamisha huko kabla ya kuosha. Sababu zake ni wazi. Klorini huharibu vyuma; damu na usaha huidhoofisha klorini, hivyo mhudumu hupata matumaini ya kinga ambayo haipo; na kusafirisha vifaa ndani ya dawa huleta hatari ya kumwagikiwa. Kinachotakiwa ni kuzuia damu isikaukie, kwa kufuta kifaa na kukifunika kwa kitambaa kilicholoweshwa maji safi, kisha kukiosha mapema kwa sabuni na brashi chini ya maji, mhudumu akiwa amevaa glovu nzito, aproni na kinga ya macho. Kuosha ndiko kunakoondoa vijidudu vilivyo vingi, na otoklevu humaliza kazi.

Ambako taratibu za kituo bado zinaitaka klorini, muda ndio wa kulindwa kwa ukali. Dawa ya kufulia yenye klorini asilimia 3.5 huchanganywa kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji ili kupata asilimia 0.5, kuongeza dawa «iwe kali zaidi» hakuongezi usalama, huongeza vishimo tu. Dakika 10 ni 10 kwa saa, wala si kwa kukisia. Ndoo iwe ya plastiki, na kifaa kitolewe na kusuuzwa mara moja kwa maji mengi. Usiku kucha ndani ya klorini ni hukumu ya kifo kwa mkasi. Hata maji ya chumvi ya drip, ambayo wengi huyaona hayana madhara, huacha vishimo yakikaukia juu ya chuma, na damu vilevile, maana nayo ina kloraidi.

Viungo vya koleo vifunguliwe wakati wa kuosha, kwani katika upenyo wa kiungo oksijeni haifiki na utando haujiponyi. Kutu nyingi huanzia hapo. Stilwaya ya kusugulia sufuria isitumike kamwe. Huacha vipande vidogo vya chuma cha kawaida juu ya stenlesi, navyo hushika kutu na kuambukiza sura ya ugonjwa kwa chuma kizima. Vaselini na mafuta ya kupikia kiungoni huzuia mvuke usipenye, kwa hiyo mafuta ya kulainishia yawe yale maalumu yanayochanganyika na maji. Vifaa vikaushwe kabla ya kufungwa. Na mhudumu akiona doa, alisugue kwa ufutio wa penseli: doa likifutika na uso chini yake ni laini, lilikuwa doa la maji, likiacha kishimo, ni kutu, na kifaa hicho kitengwe, kwa kuwa kishimo huficha uchafu ambao brashi haiufikii.

Upo upande wa mgonjwa. Dereva wa bodaboda aliyevunjika paja na kuwekewa fimbo ya chuma ndani ya mfupa huondoka hospitali na maswali ambayo pengine hakupata nafasi ya kuyauliza. Je, chuma kitaoza ndani? Chuma cha vipandikizi kilichotengenezwa kwa kiwango hakiozi kwa namna ya msumari. Hutoa kiasi kidogo mno cha metali kwa miaka mingi. Kinachoweza kuanzisha kutu ni kuchanganya bamba la chuma cha aina moja na skrubu za aina nyingine, au msuguano wa muda mrefu kati ya skrubu iliyolegea na bamba lake. Maumivu mapya, uvimbe au majimaji kutoka kwenye kovu, hata baada ya miaka, ni sababu ya kurudi hospitali bila kungoja.

Je, chuma kinaweza kuvunjika? Ndiyo, na hapa mgonjwa ana sehemu yake. Chuma cha 316L kikiwa laini huanza kupinda kwa mkazo wa megapaskali 190 hivi. Kikikandamizwa na kuvutwa kikiwa baridi, bila moto, nguvu hiyo hupanda kufikia 690, na ndiyo hali ya mabamba na fimbo nyingi. Hata hivyo hakuna bamba lililotengenezwa kubeba mwili daima. Kazi yake ni kuushika mfupa mpaka mfupa ujiunge wenyewe. Anayetupa magongo kabla ya muda alioambiwa hukipinda chuma kidogo kila hatua, maelfu ya hatua kwa siku, na chuma huchoka kama waya unaopindwa huku na huku mpaka ukatike. Kwa sababu hiyo hiyo daktari wa upasuaji hulipinda bamba mara moja tu kulifuata umbo la mfupa, wala halikunjui na kulikunja tena.

Wachache wana mzio wa nikeli. Aliyewahi kutokwa na upele kwa kuvaa hereni, bangili au saa ya bei nafuu amweleze daktari kabla ya upasuaji, kwani zipo aloi za titani zisizo na nikeli, ingawa bei yake ni kubwa na hazipatikani kila mahali. Kipimo cha MRI hakizuiliwi kwa kawaida na bamba la 316L, kwa kuwa nikeli imeliondolea mvuto wa sumaku. Mgonjwa ataje tu kwamba analo, aoneshe na karatasi ya upasuaji kama anayo, maana mpiga picha hawezi kujua kwa kumtazama kwamba chuma kilichomo ni cha ukoo gani.